Gari Langu Limenitaja Jina Uwanjani

Leo gari langu limeniumbua mchana kweupe. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mke wangu.

Mnajua halina namba kama za kwenu. Kwenye vibao vya namba limeandikwa ELISANTE, mbele na nyuma. Mwalimu mwenzangu lake aliliandika jina la binti yake, kwa mapenzi. Mie niliandika langu kwa sababu majirani walikuwa wakiniuliza gari nimeazima kwa nani. (Waliuliza mwaka mzima.)

Sasa, leo mchana kulikuwa na kikao cha harusi ya shemeji yangu, nyumbani kwa baba mkwe, Ukonga. Vikao vitatu nilishahudhuria, na vyote vilijadili rangi ya vitambaa. Na leo hiyohiyo kulikuwa na mpira uwanja wa Chamazi. Asubuhi nikampigia mzee, nikamwamkia vizuri, nikamwambia nimepata dharura ya kikazi, naelekea Morogoro. Akanitakia safari njema. Mke wangu akanifungia chapati za njiani. (Nimezilia jukwaani.)

Nilichelewa kufika. Maegesho yalikuwa yamejaa, nikalichomeka gari mbele ya geti moja dogo, nikakimbilia ndani. Dakika ya ishirini hivi, spika za uwanja zikatangaza kwamba kuna gari limeziba njia ya gari la wagonjwa, namba yake Elisante. Watu wakacheka. Na mie nikacheka, nikigeuka huku na huku kama namtafuta huyo Elisante. Ningesimamaje?

Wakatangaza tena. Nisichokijua ni kwamba mechi ilikuwa inarushwa redioni, na mtangazaji alilipenda hilo jina. Akawa anamsihi ndugu Elisante, popote alipo, akatoe gari. Kule kikaoni, mjomba wa mke wangu alikuwa anafuatilia mpira kwenye simu, sauti ya chini.

Simu yangu ikaita. Baba mkwe. Nikaikinga kwa kiganja kelele zisipenye.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Morogoro kukoje?"

"Kwema, baba. Kuna kamvua kidogo tu."

"Basi hiyo mvua isikuzuie. Nenda katoe gari, wagonjwa wapite."

Nikainuka. Jukwaa zima likanishangilia mpaka nikatokomea.

Sikurudi kwenye mpira. Niliendesha moja kwa moja hadi Ukonga. Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mke wangu aliniuliza tu kama chapati zilitosha. Baba mkwe akanionyesha kiti, kikao kikaendelea, na kwa sauti moja nikateuliwa kuwapokea wageni wote wanaotoka Moshi, siku tatu mfululizo. Mjomba akaongeza kwamba hawatapata shida kulitambua gari.

Chekeni mnavyotaka. Ila wiki ya harusi asiniombe mtu lifti, nitakuwa na mashangazi kumi na mmoja.