Kokoto Wakifungwa, Tunahama Viti

Jumatatu, 3 Juni

Fundi friji amenunua tivii. Amekuja kunieleza mwenyewe, hapa kwenye cherehani yangu, akijifanya ameleta suruali ya kupunguza. Suruali hiyo nilishaipunguza mwezi uliopita. Tivii, anasema, ni pana kama mlango. Ilibidi wang'oe mlango wa sebuleni ndipo ikapita. Mama mkwe wake, anayeishi nao, alidhani wanahama. Nikamuuliza kama sasa nyumba anaifunga kwa tivii. Hakucheka.

Kisha akatoa lililomleta. Alhamisi ya wiki ijayo ni kipindi cha mwisho cha "Wana Kokoto" msimu huu, na ingekuwa vizuri sote tukakitazame kwake. Nikasema tutaona. Akasema wenzetu ameshawadokeza.

Nimeshona zipu ya mteja kinyume. Sijafanya hivyo tangu nikiwa mwanafunzi wa ushonaji.

Wana Kokoto ni kichekesho cha timu ya mpira ambayo haijawahi kushinda mechi mbili mfululizo. Mwenye timu anauza magodoro. Kocha anaogopa mpira. Kipa anaitwa Mlango Wazi, na si jina alilopewa na mama yake. Mke wangu alikipenda kuliko kitu chochote chenye waya. Siku moja alicheka mpaka nesi wa nyumba ya pili akaja kugonga, kwamba ametoka zamu na anataka kulala. Mke wangu akamvuta ndani na kumpa kiti. Hakulala, na Alhamisi iliyofuata akarudi. Akafuata mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyekuja kuchukua koti. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alikuwepo tangu mwanzo. Fundi friji alikuja kutengeneza friji, akakuta kipindi kimeanza. Friji ikasubiri hadi Ijumaa.

Mke wangu alifariki Januari. Wao wanaendelea kuja. Wakihamia kwa fundi friji, hakuna atakayenizuia kwenda nao. Ila kwa fundi friji mke wangu hakuwahi kucheka. Hapa alicheka kila kona.

Jumanne, 4 Juni

Mpango. Tivii yangu haiwezi kupanuka, lakini watu wanaweza kusogea. Nimevuta viti vyote mbele mpaka magoti yakagusa meza ya tivii. Nikakaa kujaribu taarifa ya habari. Sikuona msomaji wa habari. Niliona pua yake tu, tena vipande vipande.

Shemeji akaingia. Akauliza kama nimekuja kupimwa macho au meno. Nikamweleza mpango. Akasema, "Shemeji, hapo tutaoga mate ya kocha." Akarudisha viti vyote, akaniachia shingo iliyokaza.

Kiti cha dada yake hakukigusa. Kiko pembeni kabisa, ukutani karibu na tivii, kimegeuzwa kidogo kuelekea katikati ya chumba. Alikipenda pale. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Pale picha haionekani vizuri.

Alhamisi, 6 Juni

Siku mbaya. Kokoto wamefungwa manne.

Ni lazima nieleze sheria ya viti, maana ndiyo iliyoniharibia. Sheria ni ya mke wangu. Kokoto wakifungwa, wote tunasimama na kuhama kiti kimoja kuelekea kulia, ili kuondoa mkosi. Wa mwisho anazunguka kwenda kuanza upya. Mwanzoni mwalimu alipinga. Alisema kipindi kilirekodiwa zamani na matokeo yameshapatikana. Mke wangu akamwambia sawa, lakini waliorekodi hawakujua sisi tungekaa wapi. Tukahama. Siku hiyo Kokoto hawakufungwa tena. Tangu hapo mwalimu ndiye anayesimama wa kwanza.

Sasa kiti chake hakikaliwi. Hakuna aliyekataza, ni hivyo tu. Kwa hiyo tukihama tunakiruka. Kwa bao moja si shida. Kwa mabao manne, watu wazima watano, chumba hiki, ni fujo. Bao la tatu mwalimu aliruka, akatua kwenye mguu wa shemeji, chai ikamwagikia nesi. Fundi friji akamsaidia kujifuta, kisha akasema taratibu kwamba kwake kuna sofa moja ndefu, hakuna kurukaruka.

Nesi akatazama ndani ya kikombe. Mwalimu akasema ni wazo linalostahili kufikiriwa. Namjua mwalimu. Hiyo ndiyo ndiyo yake.

Nikausikia mdomo wangu ukizungumza. Ulisema kwamba yupo fundi mwenzangu anayewashonea jezi waigizaji wa Wana Kokoto, kwamba amenieleza jinsi kipindi cha mwisho kinavyoisha, na kwamba ni siri ambayo siwezi kuitoa popote isipokuwa humu ndani, Alhamisi, kabla hakijaanza.

Mwalimu, aliyekuwa ameshavaa kiatu kimoja, akakaa tena.

Simjui mtu yeyote anayeshona jezi. Mimi nashona sare za shule na kupunguza suruali za watu waliokonda.

Ijumaa, 7 Juni

Biashara imechangamka. Mwalimu ameleta suruali nzima kabisa nitazame kama ina tatizo. Nesi, ambaye hajawahi kunishonesha kitu, ameleta kifungo. Kifungo kitupu, bila nguo. Wote wameuliza, kwa njia ya kuzunguka, fundi mwenzangu hajambo?

Ningenyamaza ingetosha. Lakini mwalimu aliponiuliza kama angalau wote wako salama, nilitikisa kichwa polepole na kusema kuna mmoja ambaye hatutamwona tena. Sijui neno hilo nililitoa wapi. Nadhani nilifikiri siri isiyo na uzito haimleti mtu.

Akauliza nani. Nikatazama mlango wa duka, ambao ulikuwa wazi. Nilikuwa naangalia mteja tu. Mwalimu akashika kichwa.

Jumamosi, 8 Juni

Wamekwisha kumlilia Mlango Wazi. Shemeji amekuja akiwaka. Anasema nesi amelia zamuni mpaka mgonjwa mwenye mguu wa plasta akamletea maji. Mwalimu amekataa chakula. Na yeye mwenyewe, shemeji, ambaye hamwamini fundi yeyote, amejikuta anaosha vyombo huku anamkumbuka Mlango Wazi alivyodaka njiwa badala ya mpira.

Fundi friji naye ametangaza kwamba ana mtu wake. Alimtengenezea friji bibi anayewapaka poda waigizaji. Anasema hakuna anayekufa, kocha anaoa binti wa magodoro, kuna keki. Nilikutana naye njiani. Anajua nadanganya, kwa sababu yeye anadanganya. Tulisalimiana kwa heshima ambayo hatukuwahi kupeana.

Kabla hajaondoka, shemeji alikaa, jambo ambalo halifanyi akiwa na hasira. Akasema, "Shemeji, watu hawakimbii tivii yako. Ni kile kiti. Mtu anataka kucheka, anakiona, kicheko kinarudi tumboni."

Maneno ya maana sana. Nimeyafikiria jioni nzima, na nimemwelewa. Kitambaa cha kiti kimechakaa.

Jumapili, 9 Juni

Nimekishonea kiti kitambaa kipya. Rangi za Kokoto, kijani na machungwa, na mto wa kuegemea wenye pindo. Kazi nzuri, nasema bila kujisifu. Nilipofumua kile cha zamani nimekuta ganda la karanga kwenye mshono. Alikuwa anakula karanga na kukana. Nimelirudisha ndani na kushona juu yake.

Sasa kiti kinafanana na cha mfalme. Hakuna atakayethubutu kukikalia, lakini angalau hakitamkata mtu kicheko.

Jumatano, 12 Juni

Kumeharibika. Nesi amekuja dukani, hana hata kifungo. Akasema, "Kaka yangu, usinihesabu kesho. Mwaka huu nimeshamsindikiza mmoja kutoka nyumba hii. Huyu wa pili sitamtazama humo humo." Ni yeye aliyekaa na mke wangu siku zile za mwisho, akitoka zamu na kuingia zamu. Akasema ataenda kwa fundi friji, maana kule kuna keki.

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Nilitaka waje. Nimewafukuza kwa mdomo wangu.

Ningeweza kusema ukweli. Nilivaa viatu kwa nia hiyo. Nikawakuta wote kwa mwalimu, na fundi friji akiwa amekaa katikati kama mgeni rasmi. Nikafungua mdomo, nikawaambia fundi mwenzangu amepiga simu. Mambo yamebadilika. Mlango Wazi hafi.

Mwalimu akauliza yatabadilikaje ilhali kipindi kilishanaswa siku nyingi. Nikasema wamemshonea jezi nyingine. Akasema jezi haibadilishi kilichonaswa. Nikamuuliza yeye amekuwa akihama viti miaka mitatu kwa sababu gani. Alinitazama kama mtu aliyekutwa na makosa kwenye hesabu zake mwenyewe.

Lakini nesi alitikisa kichwa. Wakaamua ni kwa fundi friji. Shemeji alinitazama kwa huruma, na huruma ya shemeji ni mbaya kuliko matusi yake. Wakasema twende wote. Nikasema nina sare za kumalizia. Sina sare.

Alhamisi, 13 Juni

Nilipanga viti vyote sita, kwa mazoea. Nikapika chai ya watu watano. Saa moja kipindi kikaanza nami nikawa peke yangu. Kocha alimkimbia mpira wakati wa mazoezi, akapanda juu ya basi la timu. Ni pazuri, najua ni pazuri, lakini nilikuwa natazama kama mtu anayesoma tangazo la mnada.

Dakika za mwanzo tu Kokoto wakafungwa. Nikasimama, nikahama kiti kimoja. Wakafungwa la pili. Nikahama tena. Mtu mmoja kuhama viti ni jambo la kusikitisha. Mechi ikakatizwa kwa matangazo.

Mlango ukagongwa kwa ngumi. Sauti ya nesi, "Fundi, fungua, tumefungwa mawili!"

Waliingia wakihema. Shemeji alieleza huku ameshika mbavu. Kwa fundi friji sofa ni moja. Bao la kwanza walisogea kulia wote kwa pamoja, na mama mkwe, aliyekuwa mwisho, akaanguka chini. La pili wakamsogeza tena kabla hajainuka vizuri. Mwalimu akasimama mbele ya tivii pana kama mlango na kutangaza kwamba kwenye sofa watu hawahami, wanasukumana tu, na mkosi unabaki pale pale. Hapo wakatoka mbio. Fundi friji mwenyewe alikuwa nyuma yao, rimoti ya kwake mkononi.

Na nyuma ya fundi friji, mama mkwe. Hakuwahi kufika hapa. Alitazama chumba, akaona watu wazima wanagombea viti vikuukuu, akasema, "Mnababaika nini, na kiti kizuri hivi kiko wazi?" Akakaa. Kwenye kile. Akaegemea mto wangu wenye pindo.

Shemeji alinyoosha mkono, akaurudisha. Wote walinitazama mimi. Na mimi nilitazama miguu ya yule mama, ambayo ilikuwa na vumbi la kukimbia, na kiatu kimoja alikuwa amekiacha njiani.

Nikasema, "Karibu, mama. Chai ipo."

Matangazo yakaisha. Kokoto wakafungwa la tatu.

Tulisimama. Tulikuwa sita, viti sita, na hakukuwa na cha kuruka. Mama mkwe alizunguka kwenda mwanzo, fundi friji akakaa kwenye kile kiti, mgongo wima kama yuko mahakamani. La nne, mwalimu. La tano, ikawa zamu yangu.

Nilikuwa sijawahi kukaa pale: kutoka kiti changu ni mabao matano, na Kokoto hawakuwahi kufungwa zaidi ya manne. Picha haionekani, ni kweli, unaona upande wa tivii na vumbi. Lakini unawaona watu wote. Nyuso zote, zimeangaziwa. Mwalimu akitamka mdomoni maneno ya kocha. Nesi akiuma ukosi wa sare yake. Kiti changu cha siku zote kilikuwa mbele yangu kabisa, na shemeji ndani yake amekodoa macho. Miaka yote ile mke wangu hakuwa anatazama Wana Kokoto. Alikuwa anatutazama sisi. Mara nyingine alicheka kabla ya mchezo kuchekesha, nami nikidhani ana akili ya kukisia.

Nikacheka. Hakuna kilichokuwa kimetokea kwenye tivii.

Kisha kikatokea. Mlango Wazi aliinama kufunga kamba ya kiatu kwenye goli la wapinzani, ambako hakuna ajuaye alifuata nini, mpira ukampiga makalioni na kuingia. Tano kwa moja. Filimbi. Kokoto wakashangilia kama wamechukua kombe. Nesi alicheka mpaka akatelezea sakafuni. Jirani wa juu aligonga sakafu yake.

Mlango Wazi hakufa. Hakukuwa na harusi wala keki. Mwalimu alinishika mkono kwa mikono miwili na kuniomba nimsalimie sana fundi mwenzangu.

Nilisema nitamfikishia.

Jumamosi, 15 Juni

Msimu umeisha. Sikuwa nimelifikiria hilo pia. Alhamisi ijayo hakuna Wana Kokoto, wala Alhamisi itakayofuata. Nesi amepita dukani, akasema basi tutaonana siku yoyote, na siku yoyote ni siku isiyofika.

Kwa hiyo nimemwambia kuna kichekesho kipya. Kinaanza Alhamisi ijayo, saa moja. Kinahusu kikosi cha zimamoto chenye gari lisilowaka. Kitamu kuliko Wana Kokoto. Akauliza idhaa gani. Nikasema idhaa mpya, inapatikana kwa tivii ndogo tu. Amebadilisha zamu. Mwalimu ameomba akae karibu na mlango, asikose mwanzo. Mama mkwe ameulizia kama kiti chake kipo.

Hakuna kichekesho kama hicho. Nimezungusha idhaa zote, kuna ng'ombe na hali ya hewa. Lakini hainisumbui, mpango uko wazi. Watakapokwisha kukaa na chai imemiminwa, umeme utakatika. Tutangoja urudi. Nesi atasimulia ya wodini, mwalimu atabishana naye, saa tatu itafika. Nimemuuliza fundi friji, kwa mbali tu, kama ni waya gani unaozima nyumba moja bila kumzimia jirani.

Amesema ataleta bisibisi yake mwenyewe.