Pipi za Mama Miche

Jumatatu, 3 Machi
Dada anakuja Jumamosi! Miaka minne ughaibuni, na siku hizi ananiandikia kama anayejibu barua ya ofisi: "Salama. Wasalimie." Nitamrudisha. Si kwa machozi, kwa pipi. Ile ndefu yenye mistari myekundu tuliyokatiwa dukani tukitoka shule, kipande chake, kipande changu. Kiwanda kilishafungwa. Basi nitaipika mwenyewe. Nina shahada, sukari itanishinda nini?

Wifi, mke wa kaka, ametangaza keki ya ghorofa tatu. Nikampongeza, moyo ukisonya.

Jumanne, 4 Machi
Mchana kutwa nimesoma historia ya peremende. Kumbe zamani sukari iliuzwa kama dawa! Utoto wangu wote ulikuwa tiba. Nikaingia jikoni kwa heshima. Sufuria ya Mama sasa ni jiwe. Mama akauliza kama kule chuoni hakukuwa na somo la kuosha vyombo. Kisha akaikwangua mwenyewe, bila kisirani, huku akilamba kijiko. Mungu amweke.

Alhamisi, 6 Machi
Rangi ndiyo. Mistari ndiyo, ingawa imepinda. Ladha siyo! Kuna kitu kinakosekana, kikali, kisafi, kama asubuhi ya shule. Nikatia karafuu. Nikatia ndimu. Wifi akaonja, akasema tamu, wifi yangu, tamu kweli, kisha akaomba maji. Mnafiki!

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda kwenye duka lenyewe. Mwenye duka yupo bado, tuliyembandika jina la Mama Miche kwa sababu alishinda akikata miche ya sabuni. Nikamweleza ile ladha kwa kirefu. Akacheka mpaka akashikilia mizani. Akasema kisu kilikuwa kimoja. Akate sabuni, akate pipi, nani alikuwa na muda wa kukiosha? "Ulikuwa unalamba sabuni, mwanangu! Tena ulikuwa unarudi kuomba vipande vilivyovunjika!"

Basi nikaomba kisu. Akanipa, akaniongezea na sabuni, akasema nimsalimie dada yangu, yule mpole. (Na mimi je?)

Jumamosi, 8 Machi
Amefika! Amenenepa, anapendeza, ananukia ndege. Keki ya Wifi imesimama mezani kama jengo la serikali. Nikasubiri watu watulie. Nikakata sabuni, nikakata pipi, nikamwambia Dada afumbe macho akumbuke.

Akatafuna. Akafumbua. Akasema haikumbuki.

Hata kidogo? Roho ikanitoka. Wifi akaanza kukata keki polepole, kwa huruma.

Dada akauliza ataikumbukaje na hakuwahi kuila. Akasema mimi nilimaliza changu kabla hatujavuka barabara, kisha nikakikodolea macho kipande chake, basi akanipa. Kila siku, shule ya msingi nzima. "We mtoto ulikuwa na macho!" akasema, povu likimtoka mdomoni. Tukacheka hadi Mama akauliza nani katulewesha. Dada akanivuta shingoni kama zamani, na barua za ofisi zikaishia hapo.

Nikaenda kulia kidogo bafuni. Siku zote nilijiona mtoto mwenye bahati ya vipande viwili. Kumbe bahati ilikuwa inatembea pembeni yangu, imenibebea na mkoba.

Hata keki nilikula. Nzuri, nimshukuru tu Wifi.

Jumapili, 9 Machi
Nimeapa: kuanzia leo, cha Dada ni cha Dada. Imebaki pipi moja. Nikampelekea barazani kwenye kisahani, kwa mikono miwili. Akasema asante, mdogo wangu, akaiweka kando amalize chai. Nikakaa karibu. Akasoma gazeti ukurasa mzima. Akafungua wa pili! Pipi ikaanza kutoa jasho. Nilikuwa naitazama tu, wallahi, kuitazama tu.

Dada hakuinua hata kichwa. Akakisukuma kisahani kwangu kwa kidole kimoja.

Tamu mno! Kesho naapa upya.