Vioo Sita vya Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kumi na mbili ya ndoa. Nina mke! Tena mtafiti! Mimi, mhudumu wa maabara, kidato cha nne cha kubahatisha, nimeoa mwanamke anayeyajua matone ya maji kuliko mawingu yenyewe. Anatengeneza kioo ambacho tone likidondoka juu yake linabingirika na kwenda zake bila kukilowesha. Siku moja madirisha yatajisafisha yenyewe. Nikikosa kazi kwa ajili hiyo, sawa tu. Mapenzi!

Fungate bado. Mkuu wa maabara, kwa huruma yake isiyo na mfano, amesema tutapata likizo iwapo matone kumi yatabingirika Alhamisi mbele ya macho yake. La sivyo, Desemba. Mtafiti wa meza ya pili, tunayemwita Kipimo, akanipa pole: bwana harusi, mkae mkao wa kusubiri. Mtu mwema sana.

Jumanne, 4 Machi
Nimeamua kumsaidia mke wangu. Leo yuko kikaoni. Nimeingia alfajiri na ndoo. Vioo vyake sita viko mezani, vyeusi tii! Masizi matupu! Mwovu nikamjua papo hapo: Kipimo. Wivu huo! Nimesugua kwa sabuni na waya wa sufuria mpaka vikang'aa. Nimeacha ua na kikaratasi: kutoka kwa asali wako. Kesho ataviona!

Jumatano, 5 Machi
Ameviona. Amepiga yowe. Nikadhani ni furaha.

Kumbe masizi ndiyo utafiti wenyewe! Maji na masizi hayaivi chungu kimoja. Wiki mbili nzima alikuwa akivifukiza vioo juu ya mshumaa, safu baada ya safu. Nani angejua? Maabara nzima, inaelekea. Nikasema huenda aliyevisugua ni Kipimo. Kipimo akauliza, kwa upole wa kuudhi, kama na yule asali wa kwenye kikaratasi ni yeye. Mke wangu akaniita Mhudumu. Mhudumu! Akaniomba nisishike kitu chochote, hata mkono wake.

Kipimo akajitolea kumsaidia kufukiza kioo kimoja kwa ajili ya kesho. Mchana kutwa wamekohoa pamoja. Inapendeza kweli.

Alhamisi, 6 Machi
Siku ya jaribio. Nimewekwa kwenye kiti cha mlangoni. Tone la kwanza likabingirika kama shanga. La pili. La tisa! Machozi yakanilenga. Mkuu akanung'unika kwamba pengine kioo kimelowa ila hakionyeshi. Kumshuku mke wangu! Nikaruka, nikapitisha kidole katikati ya kioo: kikavu, Mkuu, jionee mwenyewe!

Tone la kumi likatua kwenye alama ya kidole changu. Likakaa. Likatulia kama mgeni aliyeambiwa chakula kinaiva.

Mkuu akafunga daftari. Jaribio litarudiwa Jumatatu, mara ya mwisho. Mimi nimepewa likizo ya siku saba, kuanzia dakika ileile, mbali na maabara. Mke wangu ndiye aliyetoa hoja.

Jumamosi, 8 Machi
Fungate ya mtu mmoja. Mke wangu amerudi kazini kufukiza vioo vyote upya. Sauti imemkauka kwa moshi, malaika wangu. Moyo umeniuma, ndipo wazo likanijia. Sufuria alizotupa mama zina masizi ya miaka! Nimekwangua kopo zima. Nimeyachanganya na mafuta ya kupikia ili yashike. Kesho maabara haina mtu, na ufunguo hawakukumbuka kuninyang'anya. Vioo vyote sita, safu tatu nene, kwa brashi ya viatu.

Atajua ameolewa na mwanamume wa aina gani!