Sentimita Nane za Baba

Jumatatu, 3 Machi

Boga tena. Siku ya tano mfululizo. Asubuhi boga la kuchemsha, mchana boga na kunde, jioni supu ya boga iliyonyunyiziwa mbegu za boga, ili boga lisijisikie mpweke. Nikauliza kwa upole kama hakuna mmea mwingine duniani. Binti akajibu kwamba huu ni msimu wa maboga, na mwili unataka kile ambacho ardhi inatoa kwa wakati wake, kizima, bila kukobolewa wala kukaangwa. Nikamwambia soseji haina msimu, ipo mwaka mzima kama rafiki wa kweli. Mama yake akaniongezea boga.

Niandike hapa ijulikane: mimi si mgonjwa. Mimi ni fundi cherehani kwa miaka thelathini sasa, mwenye mwili unaolingana na heshima yake. Tatizo ni mradi. Binti yuko mwaka wa mwisho chuo cha lishe, na mtihani wake wa mwisho ni kulisha kaya moja chakula halisi cha msimu kwa wiki nane, kisha kueleza matokeo mbele ya walimu. Kaya ni sisi. Matokeo ni kiuno changu. Akifeli anarudia mwaka, na ile kazi aliyoahidiwa zahanati anapewa mtu mwingine.

Siku ya kwanza alinipima mwenyewe: sentimita mia na kumi na mbili. Baada ya hapo akaniachia nijipime kila Jumamosi na kumtajia namba, kwa sababu, alisema, baba hakosei kupima. Sijajipima hata mara moja. Kinyozi hajinyoi. Nimekuwa nikimtajia namba za adabu tu, zinazoshuka taratibu. Juzi nilimtajia mia na nne, akanikumbatia.

Leo katangaza kwamba kipimo cha mwisho, Alhamisi ya wiki ijayo, atapima yeye. Kwa tepu yangu ileile aliyoanzia. Nikajifanya nimepaliwa na mbegu.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata dawa. Watu wengine wangehangaika kupunguza kiuno. Mimi nimerefusha tepu.

Hesabu ni nyepesi. Kiuno ni mia na kumi na mbili, kinatakiwa kisomeke mia na nne. Tepu lazima imeze nane bila kuonekana. Nikachukua tepu kuukuu iliyokatika, rangi ileile ya njano, nikakata kipande cha kuanzia sitini na moja hadi sitini na nane. Nikaikata tepu yangu mara tu baada ya sitini na nane, nikakipachika hapo. Gundi, kisha mshono wa mkono kwa uzi wa njano. Sasa tepu inahesabu vizuri mpaka sitini na nane, inarudi sitini na moja, inahesabu upya kama mzee aliyesahau kwamba hadithi hii keshaisimulia. Mshono wenyewe hata mimi niliyeushona nautafuta kwa ukucha.

Nikajijaribu. Tisini na nane! Nilitarajia mia na nne. Sita nyingine zimetoka wapi sijui. Labda gundi imevuta. Sikuchunguza. Ukiongezewa nyama buchani huulizi kwa nini.

Kwa furaha nikaenda kujipongeza kwa chipsi. Mke wangu kawakataza wauzaji wote wa mtaa huu wasiniuzie, kwa hiyo kibanda pekee salama kiko ng'ambo ya reli, dakika arobaini kwa miguu, na arobaini za kurudi. Nilipofika, muuza chipsi alikuwa anasugua karai. Zimeisha. Hii ni mara ya tatu wiki hii, na wiki zilizopita nazo zilikuwa hivyohivyo. Nikarudi nyumbani na njaa ya kutisha, nikala kunde bakuli mbili, na papai nusu. Kwa hasira, si kwa kupenda.

Suruali ya kahawia inateremka. Vitambaa vya siku hizi vinalegea ovyo.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya heshima. Binti kaleta kitambaa cha kijani, anataka gauni la kusimama nalo mbele ya walimu Jumamosi ya wiki ijayo. Angeweza kuvuka barabara na kwenda kwa Mama Vifungo, ambaye amebandika mlangoni picha za magauni ya kubana na huwaambia wateja wangu kwamba mwanamume akishona gauni hutoka gunia. Hakwenda. Alisema gauni la siku hiyo halishonwi na mtu mwingine.

Nikampima palepale, tepu shingoni kama kawaida. Nikafungua daftari la mwaka jana kulinganisha. Maajabu. Kifua kimepungua nane. Kiuno nane. Nyonga nane. Mtoto kapungua sawasawa kila mahali, kama ubao uliopigwa randa. Nikamwambia wazi kwamba huo ndio ushahidi, mboga zinamnyonya, karibu atapita chini ya mlango. Yeye akafurahi. Akasema kumbe chakula kinafanya kazi hata kwake. Ukaidi huu kautoa upande wa mama yake.

Nimekata kitambaa jioni hiihii. Kilitosha kwa shida, sikubakiza hata cha kufutia pua. Fundi mzuri hapotezi.

Jumanne, 11 Machi

Ushindi!

Gauni liliisha mchana. Mishono kama imechorwa. Binti akaenda chumbani kulijaribu, akakaa sana. Mama yake akaitwa. Kisha nikaitwa mimi. Zipu ilikuwa imegoma mgongoni, pande mbili zinatazamana kwa mbali kama majirani waliogombana. Haikukosekana sentimita moja au mbili. Pengo zima.

Sikujizuia. Nikasema sasa imethibitika, maboga yananenepesha, na kunde ndizo mbaya zaidi. Siku nne tu! Mtu akila soseji siku nne hafikii hapo. Nikasema nilionya tangu mwanzo na hakuna aliyenisikiliza katika nyumba hii. Mke wangu akanikumbusha kwamba Ijumaa nilisema mboga zinamnyonya. Nikamjibu kwamba zinafanya yote mawili, ndiyo hatari yake.

Akauliza kama sikukosea kupima. Kabla sijafungua mdomo, Binti akajibu. Alisema baba hakosei kupima.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono mmoja ndani ya gauni, mwingine nje. Jioni hakula. Boga lilibaki mezani nikalimaliza mimi, maana chakula kutupwa ni dhambi.

Jumatano, 12 Machi

Siku mbaya.

Asubuhi nilipita mlangoni mwa chumba cha Binti nikasikia. Binti alikuwa anamwambia mama yake kwamba amepima pengo la gauni. Ni sentimita nane kamili. Ikiwa yeye mwenyewe, anayekula chakula hichohicho, kaongezeka nane kwa siku nne, basi hana uso wa kuwaambia walimu chochote. Atawaandikia kwamba mradi umeshindwa. Atarudia mwaka. Mama yake akambembeleza, akajibu kwa sauti ndogo kwamba namba hazina huruma.

Nane.

Mkono wangu ulikwenda shingoni wenyewe. Tepu ilikuwepo. Ilikuwa shingoni tangu Jumatano ile, Ijumaa ikiwemo. Mimi, fundi wa miaka thelathini, nimempima mwanangu kwa mtego wangu mwenyewe. Roho iliniuma, naandika hivyo kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu. Anatilia shaka kunde, anatilia shaka vitabu, anautilia shaka mwili wake. Tepu ya baba yake haijampitia hata akilini.

Lakini kuungama ni njia ya mwisho. Nikawaza: nikiongeza vipande ubavuni, gauni likafunga, nitasema kitambaa kilirudi kidogo, atafurahi, ataenda, na hakuna atakayeumbuka. Kitambaa kimeisha. Kijani cha aina ile, mtaa mzima, anacho mtu mmoja.

Nikavuka barabara.

Mama Vifungo alikuwa na pini mdomoni, hakuzitoa. Nikamweleza nahitaji vipande viwili, nane kwa jumla, pamoja na akiba ya mshono. Akauliza inakuwaje fundi wa sifa zangu akosee nane. Nikasema baridi. Akatazama nje, jua linawaka. Kisha akanyoosha mkono, akaivuta tepu shingoni mwangu kama anavyovuta uzi, akaanza kuisoma polepole kwa kidole. Hamsini. Sitini. Sitini na nane. Sitini na moja.

Akatoa pini moja moja mdomoni, akazipanga mezani. Nilingoja anicheke. Hakucheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akasema kitambaa atanipa. Akasema pia kwamba nina mpaka kesho saa sita mchana nimwambie mtoto mwenyewe, la sivyo anavuka yeye, na akivuka ataanza kusimulia kuanzia hapo mlangoni pake. Nikamwita mchonganishi. Akanikabidhi kitambaa.

Alhamisi, 13 Machi

Saa tano na dakika hamsini. Nisingeweza kuruhusu yule mwanamke avuke.

Nikaiweka tepu mezani, kati ya sahani ya mchicha na ile barua ya Binti kwa walimu, ambayo alikuwa amebakiza kutia sahihi. Nikasema sikukosea kupima. Nilipima sawasawa kabisa kwa tepu mbovu, na ubovu niliushona mimi. Nikasema na zile namba za Jumamosi nilizitunga, zote saba. Nilitaka kuongeza sababu zangu, nilizokuwa nimezipanga vizuri, ila niliona uso wake nikanywea.

Mke wangu aliondoka akaenda jikoni, nikasikia sufuria zikipangwa ambazo zilishapangwa.

Binti aliisoma tepu kama Mama Vifungo alivyofanya, kwa kidole. Akarudia pale kwenye mshono mara mbili. Akaniuliza kama nilikuwa nakula kweli chakula chake, au nacho nilikuwa nakitunga. Nikamwambia nilikula kila kitu alichoniwekea, maana alikuwa ananitazama. Na chipsi? Nikakiri nilizifuata. Akauliza nilizipata mara ngapi. Nikahesabu kwa vidole. Mara mbili katika wiki nane. Kibanda kiko mbali, na wale jamaa hufunga mapema kama benki.

Akatoka, akavuka barabara, akarudi na tepu ya Mama Vifungo. Akaniambia nisimame, nisivute tumbo. Akapima. Akapima tena. Akamwita mama yake aje asome.

Mia na sita.

Nimepungua sita. Kweli. Bila gundi. Binti alikaa chini, akacheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, sikuweza kutofautisha na sikuthubutu kuuliza. Kisha akasema neno moja ambalo nimelirudia kichwani siku nzima. Alisema angeniamini hata ningemwambia sijapungua hata moja.

Akaichana barua. Akachukua tepu yangu, akasema hiyo harudishi.

Jumamosi, 15 Machi

Alisimama. Gauni lilifunga. Nimeshona vile vipande viwili ubavuni usiku na mchana, macho yameniuma, na sasa wanawake watatu wamemsifu kwa kile walichokiita mtindo mpya wa ubavuni. Mmoja akauliza kama ni kazi ya Mama Vifungo. Nikatoka nje kidogo kupata hewa.

Aliwaeleza walimu yote. Kaya, wiki nane, msimu wa maboga, kunde, mapapai. Akawaambia kipimo cha kwanza na cha mwisho ni vya kweli, na vya katikati vitupwe, kisha akainua tepu yangu juu, akainyoosha, akawaomba waisome. Ukumbi mzima ulicheka. Mwalimu mkuu alijifuta machozi. Nilikaa wima, nikatazama mbele, kama mtu ambaye tepu ile haimhusu.

Amefaulu. Wakamsifu hasa kwa kutoficha kasoro. Nashangaa hakuna aliyemsifu mwenye kasoro, maana bila yeye angekuwa na nini cha kutoficha?

Akiwa anashuka jukwaani alinipungia mkono. Si mama yake. Mimi. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, suruali nimeifunga kwa kamba.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekaa nimetafakari yote kwa utulivu, kama mtu mzima, na nimepata mafunzo.

La kwanza: chipsi zinapunguza. Nimeenda ng'ambo ya reli zaidi ya mara ishirini, nimepungua sita. Hesabu hiyo haihitaji chuo. Binti kasema ni kutembea na mboga. Nikamwambia asidharau utafiti wa wengine.

La pili: kosa langu halikuwa kuishona tepu. Kosa lilikuwa kuivaa shingoni baada ya hapo. Tepu ya mradi na tepu ya kazi lazima ziwe mbili. Nimeliandika hili kwa wino mwekundu.

Walimu wamependezwa mno, wanataka kaya iendelee miezi mitatu zaidi. Msimu wa maboga umeisha. Nilifurahi kama dakika mbili hivi, ndipo Binti akaingia na kikapu cha mabilinganya. Mabilinganya! Nikatangaza mbele ya wote kwamba mimi bilinganya sili, nife leo nizikwe kesho. Nikala mawili. Alikuwa ananitazama.

Na kwa kuwa tepu hawaziamini tena katika nyumba hii, kaleta mizani ya kukanyaga. Imewekwa sebuleni, wazi, kila mtu aione. Nimeigeuza walipokwenda sokoni, kwa nia ya kufahamu tu, maana fundi haachi kuangalia chombo kimefungwaje. Chini kuna skrubu moja ndogo.

Nimeshaazima bisibisi kwa fundi baiskeli.