Glace Ilipita Wapi?

Jumatatu, 3 Machi 1975

Balaa! Amefika mgeni ofisi ya mawe hapa mgodini: Citoyenne Mbelu, mama mtaalamu wa mawe kutoka Lubumbashi. Alituita bohari, mimi mlinzi wa sampuli pamoja na mwenzangu Mbayo. Akasema zamani hapa palikuwa na glace kubwa ajabu, ikaondoka, naye amekuja kutafuta ilipita wapi. Glace! Ni ipi nyingine kama si kioo kirefu cha nyumba ya wageni ya kampuni? Sasa kiko chumbani kwangu, mtaa wa Musonoi. Mke wangu Tshibola alitaka kujiona na liputa lake, kile kitenge cha kujifunga, mpaka chini, ningefanyaje? Wakikipata, kazi imekwenda, na nyumba ya kampuni nayo imekwenda. Mbayo alikuwa akitabasamu. Sipendi Mbayo akitabasamu.

Jumanne, 4 Machi

Nimemuuliza mgeni, kwa ujanja, glace iliondoka lini. Akajibu zamani mno, wakati wa baridi kali. Kweli tupu! Ilikuwa Juni, vidole vilikufa ganzi. Nani kamwambia? Akatuonyesha mawe yenye mikwaruzo iliyonyooka, akasema glace iliyakwaruza ikijikokota juu yake. Nami niliikokota, uzito uliponishinda! Akaongeza kwamba haikuondoka kwa mara moja. Ilirudi nyuma, ikasimama, ikarudi tena, na kila iliposimama iliacha rundo la mawe. Nilipumzika mara tatu. Huyu mama si mtaalamu, ni mchawi! Kosa lake ni moja tu: anadai ilifunika mkoa wote wa Shaba. Hapo ametia chumvi. Kioo ni mita moja na nusu.

Jumatano, 5 Machi

Mpango mzuri sana. Asubuhi nimeingia na msumari uani kwa Mbayo, nikakwaruza mawe thelathini na manne, mikwaruzo yote ikielekea mlangoni kwake. Kisha nikamdokezea Citoyenne, kwa huzuni ya rafiki, kwamba huenda glace iliishia huko. Akaja mbio! Akapiga magoti na lenzi yake ya kukuzia. Halafu akacheka hadi machozi. Eti mikwaruzo ni ya leo, vumbi lake bado jeupe, na jiwe moja ni tofali. Ndaya, mke wa Mbayo, akatoka na mwiko. Alikuwa ameniona dirishani, akadhani naroga nyumba yake. Niliondoka kwa mwendo usio na heshima.

Alhamisi, 6 Machi

Basi. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia kwenye mwiko wa Ndaya. Nimefunga kioo kwa blanketi, nikakipandisha baiskeli, Tshibola nyuma yangu akinilaani kwa Kiluba. Bohari nikapiga magoti mbele ya Citoyenne, mkuu wetu chef Kabeya, na Mbayo. Nikaungama yote. Njia ya Musonoi, mapumziko matatu, mnihurumie mimi Kisimba, zamani Polycarpe kabla majina ya Kizungu hayajakatazwa. Citoyenne akajitazama kiooni, akaweka sawa kilemba chake. Mbayo ndiye aliyepasuka: "Weye Kisimba! Glace ya mama njo barafu! Haiko kioo!"

Barafu! Kumbe kwa Kifaransa kioo na barafu vyote ni glace. Barafu iliyolala hapa miaka mamia ya mamilioni iliyopita, kabla hata ya chef Kabeya kuajiriwa. Na kioo? Hakuna aliyejua kwamba kimepotea. Hakuna! Kabeya alifungua mdomo kunifukuza, lakini Citoyenne akaniombea. Alisema mtu anayekumbuka kila mahali mzigo uliposimama ndiye anayemfaa kufuata njia ya barafu. Nimefurahi karibu nilie. Adhabu: kubeba mawe yake yote, na kukirudisha kioo ukutani kwa mkono wangu.

Jumamosi, 8 Machi

Kazi ninayo, nyumba ninayo. Tshibola hasemi nami, anajitazama kwenye sufuria, na sufuria inaishia shingoni. Moyo unaniuma. Lakini wiki hii nimesoma sayansi. Kitu kikikokotwa huacha mikwaruzo, kikipumzika huacha rundo. Barafu ilikamatwa kwa sababu ilikuwa mvivu. Dawa yake ni kubeba juu juu, moja kwa moja hadi Musonoi, bila kupumzika hata mara moja.

Leo nimekitundika kioo. Nimetumia msumari mmoja tu, na sikuupiga sana.