Mchunga Bila Udongo

Jumatatu, 2 Juni

Siku ya ishirini na tatu bila Pascalia. Kitanda kimekuwa kipana mno. Nalala upande wangu tu. Upande wake nimeuachia mto wake, nisije nikazoea.

Na kosa lenyewe dogo! Nilimwaga saruji juu ya kibustani chake nyuma ya nyumba, alikopanda mchunga, ile mboga chungu aipendayo. Nilitaka pa kuoshea bodaboda. Haijaja bodaboda hata moja. Pascalia aliitazama ile saruji, akafunga mkoba, akarudi kwao Kaloleni.

Leo nimempigia. Kasema babake ananingoja na kidumu cha pombe ya mnazi, niketi mkekani, niseme nimekosa, nikabidhiwe mke wangu. Jambo la asubuhi moja. Mimi, mwanamume mzima, nikaungame mbele ya mashemeji? Nimemwambia apite hapa Changamwe Jumamosi ya tarehe 14, aone mambo. Kakubali, kwa vile siku hiyo ana arusi Miritini.

Mambo yenyewe bado sijayajua.

Jumatano, 4 Juni

Nimepata! Kwenye simu kuna bwana anakuza mboga hewani. Udongo hakuna kabisa. Mizizi inaning'inia gizani ndani ya ndoo, pampu inairushia ukungu wa maji na mbolea, nayo inanenepa. Yaani mchunga urudi na saruji yangu isiguswe!

Nimetoboa kifuniko cha ndoo matundu sita. Pampu ndogo ya tangi la samaki nimeipata kwa fundi. Miche nimeing'oa kando ya reli, nikaiosha mizizi mpaka ikawa myeupe.

Jirani Erastus alichungulia juu ya ua. Yeye ana sukuma wiki kwenye magunia, na mke anayeimba jikoni. Kauliza kwa nini nisivunje tu saruji, nyundo anayo. Wivu huo!

Jumamosi, 7 Juni

Mchunga umesimama wima! Nikampigia Pascalia kumsimulia. Akauliza kama nimekula. Nikamwambia mizizi imerefuka. Akauliza tena kama nimekula. Halafu akamfukuza kuku, nami nikabaki nasikiliza hata hilo. Namtamani mke wangu jamani.

Jumatano, 11 Juni

Balaa. Mfereji hautoi maji tangu Jumapili, nikajaza ndoo maji ya kisima. Kila mtu mtaani anajua maji yale ni ya chumvi, hata chai hayafai. Na mimi nimezaliwa hapa hapa! Chumvi imeziba vitundu vya ukungu, majani yamejikunja.

Nimenunua chupa ya kinyozi, ile ya kunyunyizia kichwa. Napuliza mizizi kwa mkono kila dakika kumi. Kazini nimesema nina homa. Erastus kasema Kaloleni si mbali, ni nauli tu. Nikashika chupa. Dakika kumi zilikuwa zimefika.

Ijumaa, 13 Juni

Nilisinzia mchana kidogo tu. Umekufa wote.

Na Pascalia anakuja kesho! Nimelia. Naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma. Kisha nikanawa uso, nikarudi relini. Miche sita minene, nikaichomeka ndooni mbio mbio kabla Erastus hajatokea. Inapendeza kuliko ile ya kwanza.

Jumamosi, 14 Juni

Amekuja. Gauni la buluu, manukato yale yale. Nikamweleza ukungu, giza, mizizi, hewa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama kweli hamna udongo. Nikaapa. Akavuta mche mmoja.

Donge la udongo likaanguka juu ya saruji yangu. Na nyungunyungu wake.

Alicheka mpaka akaketi chini. Nikacheka nami, nikidhani yameisha. Akauchuma mchunga wote, akaupika kwa nazi, tukala sima sahani moja. Sijashiba hivi tangu aondoke.

Halafu akavaa viatu. Akasema hakuwahi kutaka mchunga. Alitaka anione kwao, mbele ya babake, nikitamka kwa kinywa changu kwamba nimekosa. Mkoba wake haujafunguliwa tangu alipofika kule, uko mlangoni unaningoja. Akanigusa shavu, akaenda zake arusini.

Jumapili, 15 Juni

Sufuria bado inanukia nazi. Sijaiosha, na sitaiosha leo.

Erastus kaleta nyundo, akaiegemeza ukutani, akarudi kwake. Nimeihamishia kando, ilikuwa inaniziba njia ya ndoo.

Maneno ya Pascalia yamenizunguka kichwani kutwa. Mkoba uko mlangoni! Nimeketi peke yangu, nikajihukumu bila huruma, na kosa langu nimeliona wazi. Naliandika hapa nisije nikalirudia: ile miche ya pili sikuiosha mizizi.

Kesho alfajiri nitakuwa relini. Safari hii naenda na sabuni.