Rafu ya Majoka na Nyota

Jumatatu, 3 Juni

Nisamehe, shajara. Tangu mtoto aanze kuota meno sijaandika hata mstari. Lakini leo kuna jambo! Mkutubi anatafuta mtu wa kusimamia rafu ya mlangoni, ile ya kupendekeza riwaya za majoka na vyombo vya anga. Anayesimamia huchukua vitabu vipya kabla ya watu wote. Kila anayeitaka aweke rafuni kadi ya kupendekeza kitabu, naye ataamua Jumamosi. Naitaka mno. Ndicho kitu pekee ambacho kingekuwa changu, bila mtu kunivuta gauni. Tatizo: wifi yangu naye anaitaka.

Jumatano, 5 Juni

Nimesoma riwaya nene ya majoka huku nikinyonyesha. Mtoto alitafuna jalada mpaka likabaki uji. Nikamwambia hapana, akacheka, nikambusu, nikamnyang'anya. Kitabu cha ajabu! Vita vimepamba moto tangu ukurasa wa kwanza. Mfalme analiliwa kabla hatujamjua. Hakuna anayetambulishwa. Kwenye kadi ya rafuni nimeandika kwamba mwandishi huyu ni jasiri, hambembelezi msomaji. Wifi atajuta.

Ijumaa, 7 Juni

Nakala zote zimeazimwa! Nikajiona malkia. Kisha zikarudi zote, na wenyewe wamenuna. Mkutubi akaniita pembeni, akaniuliza taratibu kama najua kwamba kile ni kitabu cha pili. Namba ilikuwa kwenye jalada. Jalada limo tumboni mwa mtoto.

Nikamjibu kwamba najua, ndiyo mbinu yangu: msomaji aanzie katikati ili akili ichangamke. Wifi alikuwa nyuma yangu, tena na kitabu mkononi.

"Wifi yangu," akasema, "wewe ungesifia hata nyumba isiyo na mlango, useme fundi ana siri zake."

Mkutubi alicheka mpaka akavua miwani. Msaliti.

Jumamosi, 8 Juni

Rafu kapewa wifi. Kadi yake ya kitabu cha nyota ilikuwa na maneno matatu tu: nimekisoma chote, kizuri. Hiyo ni kadi au risiti? Nimefua nepi zote kwa hasira. Mume wangu alimbeba mtoto bila kuombwa, maana yake sura yangu ilitisha.

Jumapili, 9 Juni

Wifi kaja na maandazi. Kasema kazi ni nyingi, nyota zitamtosha, majoka niyachukue mimi, ila safari hii nisome kuanzia cha kwanza. Tukagawana rafu: yeye juu, mimi chini. Nimekubali kwa heshima zangu zote. Nilimkumbatia kidogo tu, asizoee.

Akirudi atanipelekea ujumbe kwa mkutubi. Naomba nitumiwe: kadi tupu kumi, kalamu ya wino mweusi, gundi, na kitabu cha nne cha yale majoka. Cha kwanza na cha tatu asihangaike navyo. Mapendekezo ya hivyo viwili nimeshaandika.